Mchuuzi na Amani ya Kagera

Kila mwaka ifikapo tarehe 25 Julai taifa hukumbuka mashujaa wake, na sisi wa Mkoa wa Kagera huelekeza macho yetu Kaboya, wilayani Muleba, walikozikwa askari wetu waliokufa katika vita vya 1978 na 1979. Ni haki yao na ni wajibu wetu. Walakini kwa jinsi tunavyoitoa heshima hiyo tumejizoeza kudhani kwamba vita vilikwisha siku mizinga iliponyamaza, na kwamba yote yaliyofuata, watu kurudi makwao, magulio kufunguka tena, Mganda na Mhaya kusalimiana tena njiani, yalizuka yenyewe kama nyasi baada ya mvua. Dhana hiyo ni ya uvivu, na wasomi ndio waliyoieneza zaidi kuliko watu wengine. Katika makala haya nataka kuipinga.

Madai yangu ni haya. Kazi ya kuwarudisha watu wa Kagera katika maisha ya amani, pande zote mbili za mpaka, ilifanywa kwa sehemu kubwa na wachuuzi. Waliifanya wakati dola ikiwaita maadui. Na mpaka leo sheria zetu zinamtazama mtu wa aina hiyo kwa jicho lile lile la shaka. Kwa mchuuzi nakusudia mwenye duka la sabuni na viberiti, fundi cherehani, mama lishe, mwenye baiskeli ya kubebea mikungu ya ndizi, mwenye mtumbwi wa kuvushia dagaa na vitambaa. Simsemi tajiri mwenye ghala. Tajiri ana watu wengi wa kumsemea.

Tuanze na yaliyotokea. Oktoba 1978 ndege za Idi Amin ziliangusha mabomu Bukoba. Majengo hayakudhurika sana, ila watu waliingiwa na hofu kubwa. Mwishoni mwa mwezi huo majeshi yake yakaingia katika nchi iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, eneo la maili za mraba 700 na zaidi, na Amin akatangaza kwamba eneo hilo ni lake. Daraja la Kyaka likavunjwa. Hukadiriwa kwamba raia 1,500 hivi waliuawa, na makumi ya maelfu wakakimbilia kusini. Ng'ombe walisombwa kwa maelfu, nyumba ziliporwa, na kiwanda cha sukari kikaharibiwa. Majeshi yetu yaliporudi kaskazini mwa mto yaliona maiti na magofu, na kuanzia Januari 1979 yalipovuka mpaka yaliwalipa Waganda kwa kipimo hicho hicho. Mutukula ilibomolewa. Masaka, mji uliotekwa Februari 1979, uliachwa vifusi. Hayo hatupendi kuyasema tarehe 25 Julai, lakini asiyeyasema hawezi kueleza amani ilihitaji kuponya nini. Aprili 11 Kampala ikaanguka, na mwanzoni mwa Juni vita vikawa vimekwisha. Mwaka huo huo mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera.

Basi mkimbizi wa Missenyi alirudi kwake, akaukuta mgomba umezidiwa na magugu na nyumba haina mlango. Alihitaji jembe, sufuria, chumvi, sabuni, blanketi, na kipande cha kitambaa cha kumsitiri mkewe. Angevipata wapi?

Hapa yafaa turudi nyuma kidogo, maana jibu lilikwisha haribiwa kabla ya vita. Mwaka 1976 ndio mwaka wa Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili yale ya ushirika na ya vijiji yashike nafasi yake. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, na pamoja navyo chama cha wakulima wa kahawa wa Bukoba, chenye asili ya mwaka 1950, ambacho kilikuwa kimesomesha watoto wengi wa mkoa huu. Nia ilikuwa njema, wala sina haja ya kumtukana mtu aliyekwisha kuzikwa. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba vita vilipofika, vilimkuta mwananchi wa Kagera hana duka la jirani wala hana chama chake. Alikuwa na kampuni ya biashara ya mkoa, yenye makao mjini na rafu tupu, na alikuwa na duka la kijiji, ambalo aghalabu lilifunguliwa siku mgao ulipofika na kufungwa siku hiyo hiyo.

Taifa lenyewe lilikuwa limechoka. Gharama ya vita hukadiriwa kuwa dola milioni 500, fedha ambazo nchi maskini haikuwa nazo. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikaja kwa muda wa miezi 18. Miezi 18 ikapita, na mikaja haikufunguliwa. Atakayesoma magazeti ya miaka ile ataona maneno mengi juu ya kujenga upya, na atakayewauliza wazee watamweleza foleni za sukari.

Katika pengo hilo akaingia mchuuzi. Aliingia kwa njia za Mutukula, kwa miguu na kwa baiskeli. Aliingia kwa ziwa, kwa mitumbwi iliyotoka pwani ya Rakai na kutua usiku Kanyigo na Kashenye. Kutoka kwetu ilikwenda kahawa, kwa sababu bei ya mamlaka ya serikali ilikuwa ndogo na malipo yalichelewa. Kutoka kwao zilikuja sabuni, nguo, betri, na vikorokoro vingine ambavyo Uganda yenyewe ilivipata kwa taabu. Dola iliipa biashara hii jina moja tu: magendo. Mtu wa kijijini hakuwa na jina jingine la kuipa, ila alijua kwamba bila hiyo watoto wake wangekwenda shule uchi.

Sasa nifike mahali ambapo najua nitapingwa. Kusema kwamba mchuuzi alileta bidhaa ni jambo jepesi. Lakini amani je? Mtu aweza kuleta sabuni na chuki katika gunia moja. Ni kweli. Lakini hebu tutazame biashara ya mpakani inavyofanyika. Mchuuzi mdogo hana mtaji. Hununua kwa mali kauli: anachukua bidhaa leo, analipa akiisha uza. Kwa hiyo mtu wa Bukoba alipochukua vitambaa kwa mtu wa Masaka, mji ambao jeshi letu ndilo lililoubomoa, kwa ahadi ya kulipa kahawa mwezi ujao, watu hao wawili walifungamana kwa deni. Mganda alianza kumwombea Mhaya afya njema, asije akafa na deni lake. Mhaya akaanza kuulizia habari za usalama wa Rakai, maana Rakai ikiwaka moto biashara yake imekufa. Hapana mkutano wa viongozi uliowafikisha hapo. Kabla wanasiasa hawajakaa meza moja kwa ajili ya jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1999, watu hao walikuwa na miaka 20 ya kudaiana.

Tena deni huwafundisha watu kubagua kwa haki. Mtu aliyeporwa na askari husema, "Waganda walinipora." Mtu mwenye mdeni wake Uganda hawezi kusema hivyo daima, kwa kuwa anamjua Mganda mmoja ambaye hakupora, aliyelala njaa yeye mwenyewe chini ya Amin. Nasema hili bila kulipamba. Halikuwa pendo. Yalikuwa mahesabu, na mahesabu hudumu hata pendo linapopoa.

Ulikuwapo pia undugu wa kale uliosaidia, kwa sababu mpaka ule ulichorwa na Wazungu kwa mstari ulionyooka sehemu kubwa ya ramani, ukapita kati ya watu waliooana na kuzikana. Undugu peke yake, walakini, haukuzuia vita wala haukujaza tena sufuria.

Dola ilimlipa nini mchuuzi huyo? Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ulianza msako wa walanguzi nchi nzima, na sheria ya uhujumu uchumi ikafuata. Mwaka huo huo ikaja sheria ya nguvu kazi, iliyomfanya mtu anayetembeza bidhaa barabarani ahesabiwe mzururaji. Sitaki kumdhulumu Sokoine, ambaye hata maadui wake hawakumshuku kwa rushwa, na sikatai kwamba walikuwapo walanguzi wenye maghala ya sukari huku wagonjwa hospitalini wakikosa hata uji mtamu. Kosa lilikuwa katika neno. Neno mlanguzi lilikuwa pana mno, likawafunika wote: mwenye magunia 300 na mwenye mche wa sabuni alioukata vipande akauza kipande kwa kipande. Matajiri walipopata habari walitupa mali zao mitoni na vichakani, au walikuwa na mtu wa kuwaonya. Yule wa mche wa sabuni hakuwa na mto wala mtu. Haukupita mwaka na miezi michache, katika bajeti ya 1984, serikali ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa fedha alizitoa wapi, na maduka yakajaa. Yaliyokuwa jinai jana yakawa sera leo. Lakini sijasikia kwamba wachuuzi waliorudi kutoka gerezani walipewa hata neno la pole.

Wapo wenzangu watakaonikumbusha mambo mawili, na ni wajibu kuyajibu kwa kuwa ni mazito. La kwanza ni ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na watu wa huku waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Jina lenyewe ni hati ya mashtaka. Njia iliyoleta nguo ilileta na kifo, hilo halikanushiki. Lakini njia ile ile ilipitiwa na majeshi pia, na ilipitiwa na madereva, na watumishi, na kila mtu mwenye miguu. Ila watu huipa balaa jina la kitu wanachokiona sokoni. Na ugonjwa ulipokwisha kuvuna baba na mama, ni nani aliyelea yatima wa Bukoba na Muleba? Nyingi ya nyumba hizo zilisimama juu ya bibi aliyeuza ndizi, dagaa, na rubisi.

La pili ni butura. Msomaji asiye wa Kagera aelewe kwamba butura ni kumnunulia mkulima kahawa yake ingali maua mtini, kwa bei ya kumtupa, kwa sababu ana mgonjwa au ana karo ya shule na hawezi kungoja mavuno. Huyo mnunuzi mara nyingi ni mchuuzi wa hapo hapo kijijini, jirani kabisa, anayesali naye kanisa moja. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na kila msimu imerudi. Nakiri kwamba hii ni doa katika nguo ninayoisifu. Biashara ndogo si safi kwa sababu ni ndogo. Lakini tutazame butura inaota wapi: inaota mahali ambapo mkulima hana mkopo wa halali wala malipo ya wakati. Penye chama kinacholipa siku ya kupima kahawa, mnunuzi wa maua hukosa wateja. Ukimfukuza bila kuweka kitu mahali pake, mkulima atamfuata usiku.

Kuna kundi jingine ambalo ningependa kugombana nalo, nalo ni la marafiki zangu wa leo, watu wa semina. Hawa wamegeuza ukweli huu kuwa dawa ya chupa. Husema: wapeni watu wa nchi iliyopigana mitaji midogo na mafunzo ya ujasiriamali, nao watapatana. Wangekuwa wamekaa Ngara mwaka 1994 wasingesema hivyo. Aprili 28 mwaka ule watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda ndani ya siku moja tu na usiku wake, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko miji yetu yote ya mkoa. Haukupita muda mrefu palikuwa na soko, mabucha, vinyozi na vilabu vya pombe. Kule Goma nako kambi zilikuwa na maduka na baa kwa maelfu. Biashara ndogo ilistawi kweli kweli. Na humo humo kambini waliokuwa wameongoza mauaji waliendelea kutawala, wakatoza ushuru, wakajipanga kwa vita vingine. Muuza nyanya wa Benaco hakuweza kuwaambia kitu. Aliuza nyanya, akatoa alichoamriwa, akanyamaza.

Hata sasa, baina ya Goma na Gisenyi, wanawake kwa maelfu huvuka mpaka kila siku na mizigo kichwani, na walivuka miaka yote ambayo serikali zao zilikuwa zikitukanana. Hilo halikuzuia Goma kutekwa na M23 Januari 2025. Kwa hiyo nasema wazi: mchuuzi hawezi kumaliza vita. Vita humalizwa na wenye silaha, na haki hutolewa na mahakama. Anachoweza mchuuzi ni kuifanya amani iliyokwisha kupatikana iwe na kitu cha kula, na kuwafanya watu wawe na cha kupoteza siku watakapoambiwa waanze tena. Katika Kagera ya 1979 hilo liliwezekana kwa sababu Amin alikuwa amekwisha ondoka na mpaka ulikuwa na ulinzi. Benaco halikuwezekana kwa sababu wauaji hawakuondolewa. Wenye semina huruka hatua ya kwanza, kwa kuwa hatua ya kwanza haina cheti cha kuhudhuria.

Sasa tutoke huko tufike Ijuganyondo, maana hoja isiyoweza kutembea kwa miguu mpaka kata moja ni hoja ya darasani tu. Ijuganyondo ni kata ya Manispaa ya Bukoba, na riziki ya wengi hapo ni ya rejareja. Kuna migomba nyuma ya nyumba na genge mbele yake. Kuna cherehani barazani, bodaboda chini ya mti, kibanda cha kutumia fedha kwa simu, mama anayekaanga vitumbua. Wakati wa senene watu wazima na watoto huacha kazi nyingine zote, na huo pia ni uchumi ingawa haumo katika mafunzo ya ujasiriamali. Bidhaa nyingi za vibanda kama hivyo mjini Bukoba zimepita Mutukula.

Dola imemfanyia nini mtu wa kibanda hiki katika miaka ya karibuni? Mwisho wa 2018 aliuziwa kitambulisho cha shilingi 20,000, akaambiwa hatasumbuliwa tena. Mwaka 2021 wenzake katika miji mingi ya nchi waliondolewa barabarani, wenye vitambulisho na wasio navyo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, ikarudishwa 2024. Ubadhirifu ule haukufanywa na muuza vitumbua peke yake. Orodha za vikundi hewa zilihitaji kalamu ya ofisini. Lakini aliyekosa mkopo mwaka mzima ni yeye.

Na Julai 2025 ilitoka amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15: rejareja, saluni, ufundi wa simu, uwakala wa fedha kwa simu na nyinginezo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo. Nafahamu kilio kilicholeta amri hiyo. Mchuuzi wa Kariakoo alikuwa akishindana na mtu aliyekuja na mtaji wa kiwanda kizima kutoka ng'ambo akajifanya machinga, na kilio chake ni cha haki. Lakini amri haikuuliza mtu anatoka Guangzhou au anatoka Kyotera. Kwa maneno yake, kinyozi wa Uganda mwenye mkasi mmoja upande wetu wa Mutukula ni sawa na mwagizaji wa makontena. Limerudi kosa lile la neno pana la 1983: dola inapomlenga mkubwa humpiga mdogo, kwa kuwa mdogo ndiye aliye karibu. Na mpakani kosa hilo lina gharama zaidi, maana Mtanzania mwenye genge upande wa Uganda naye ana shingo, na majirani wana sheria zao. Wakianza kulipizana, nyuzi za madeni zilizofumwa kwa miaka 40 na zaidi zitakatwa kwa mwaka mmoja.

Ninalolidai si jambo la ajabu. Amri ile irekebishwe ili wakazi wa wilaya za mpakani, wa nchi zote mbili, wenye mtaji mdogo unaotajwa kwa kiwango, wasihesabiwe wageni katika magulio ya mpakani. Kigezo kipo tayari: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa forodha kwa bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000, wenye cheti rahisi cha asili ya bidhaa, na kituo cha pamoja cha Mutukula kilifunguliwa na marais wawili Novemba 2017. Lakini mwanamke mwenye mzigo wa laki mbili huogopa kituo hicho kuliko anavyoogopa vichaka, kwa sababu kituoni kuna maswali, karatasi, na lugha ya kikubwa. Anapita vichakani, anakamatwa, mzigo unataifishwa, naye anaandikwa mtu wa magendo kama mama yake alivyoandikwa mwaka 1983. Utaratibu huo ubandikwe ukutani kwa Kiswahili, Kihaya na Kiganda, kwa herufi kubwa, na afisa apimwe kwa idadi ya wachuuzi aliowasaidia kupita mlangoni badala ya idadi ya mizigo aliyoshika.

Na kwenu wanafunzi wa historia na wa uchumi ninao mgogoro mmoja wa mwisho. Mnajua kwa tarehe kila mji uliotekwa kutoka Mutukula mpaka Kampala. Septemba 1978, wiki chache kabla ya uvamizi, jarida kubwa la sayansi la Marekani lilichapisha habari za wafua chuma wa kale wa Buhaya, na tangu hapo tanuru za Katuruka na Kemondo zimesifiwa dunia nzima. Mafundi wale nao walikuwa watu wa kazi ndogo, na ilimchukua mgeni kuja kuwauliza wazee wetu walivyofanya. Wachuuzi waliovusha bidhaa kati ya 1979 na 1984 sasa ni wazee wa miaka 70 na 80. Baadhi yao wangali na daftari za mali kauli, zimeandikwa kwa penseli majina ya watu wa Masaka na Rakai, kiasi, na neno "kalipa" au "bado". Zimo makabatini na masandukuni, mchwa wanazila, na likizo ndefu inaanza mwezi ujao.